Ng'ombe wa Miaka Mia Nne

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya mwisho ya majaribio kazini. Ijumaa daktari wa mifugo anakuja kuona programu ya kliniki yake. Ikimpendeza, naajiriwa. Bosi amenikabidhi kijenzi, yaani kile kipande cha msimbo kinachomuumba mnyama ndani ya kompyuta. Kazi ya heshima, nilidhani. Kumbe! Taarifa ishirini na tatu, na kila moja naiandika mara tatu: kuitangaza, kuipokea, kuiweka mahali pake. Jina liwe jina. Umri uwe umri. Uzito uwe uzito. Kwani ungekuwa nini, sufuria? Mistari karibu sabini ya kasuku. Mtu mwenye akili zangu!

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa. Siandiki kijenzi. Naandika programu itakayoniandikia kijenzi! Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Kimya kwa sababu hufungua mdomo kupiga miayo tu, leo kaufungua bure. Eti lugha tunayotumia ina njia ya mkato: unaorodhesha taarifa mara moja, unaweka neno moja juu, kijenzi kinajiunda chenyewe. Neno moja! Nikamwambia njia za mkato ni za wavivu. Akarudi kwenye miayo yake. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi

Mistari mia nne na kumi mpaka sasa. Ili kuokoa sabini. Mke wangu ameuliza hesabu hiyo nilifundishwa shuleni au nimeibuni mwenyewe. Nabii hakubaliki kwao.

Alhamisi, 7 Machi

Inafanya kazi! Kufumba na kufumbua, kijenzi hiki hapa, tena taarifa zimepangwa kialfabeti. Unadhifu wa kutisha. Bosi akataka kujua kama nimekijaribu kwa mnyama yeyote. Nikamjibu kwamba mtoto wa nyoka hafundishwi kuuma.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu, njoo unichukue.

Daktari alijaza fomu kwa ng'ombe wake mwenyewe, Kidoa, miaka sita, kilo mia nne. Skrini ikajibu: umri, miaka mia nne; uzito, kilo sita. Fomu hutuma uzito kwanza, kijenzi changu, kwa ile alfabeti yake, kinatarajia umri. Namba ni namba, kompyuta haikuona cha kulalamikia. Majina nayo yalipishana vivyo hivyo. Mgonjwa: daktari. Mmiliki: Kidoa.

Daktari akavua miwani. “Kwa hiyo nisubiri Kidoa aniruhusu kunywa dawa ya minyoo?”

Bosi akaangalia dari. Kimya akavuta kiti changu, nami nimekikalia! Akafuta kazi yangu ya siku tatu, akaandika orodha, akaweka lile neno lake juu, kisha akaifanya fomu itume kila taarifa kwa jina lake. Dakika kumi. Daktari akatia saini, akampa Kimya mkono. Mimi nikapewa kikombe chake nikirudishe jikoni.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, chini ya Kimya. Bosi kasema nijifunze kwake. Nimejifunza! Nimelikagua lile neno lake: lina herufi tisa. Tisa! Na kila aina mpya ya kitu, uliandike tena. Watu wazima wanaliona hili na kunyamaza? Nimeshaanza programu ya kuliandika. Mistari mia mbili, na hata chai ya asubuhi bado.