Tovuti ya MC Ngige

Jumatatu, 3 Machi 2025
Harusi nyingine imeenda kwa MC Mbogo! Sauti kama ya mbuzi mwenye mafua. Nikamuuliza mama wa bibi harusi kwa nini si mimi. Ati Mbogo ana tovuti, watu wamemsoma. Haya. Na mimi nitasomwa, Kitale nzima.

Jumatano, 5 Machi
Kwa Jeruto wa saiba, anitengenezee tovuti kwa kompyuta zake. Msichana mpole, ila maswali! Picha iko wapi? Ninayo moja, nimeshika maikrofoni, macho yamefungwa. Akasema inafaa, naonekana kama naomba. "Kuhusu Mimi" tukaijaza haraka. Tukakwama kwa "Wateja Wanasema". Wateja hawajasema kitu. Akashauri ukurasa huo tuuache. Tuuache! Mbogo ana sifa hadi za padri.

Nikamkumbuka Wabwile wa Naitiri. Harusi yake ndiyo ya kwanza niliyowahi kuongoza. Stima ilipopotea akasimama akaimba mwenyewe, suti na jasho, mpaka ikarudi, nisiaibike. Namba yake ilienda na simu iliyoibiwa. Lakini hata ningempata, si angekubali tu? Nikamsaidia: "Ngige ni mweledi asiye na kifani. Maneno yake ni asali, na mimi niliionja. Wabwile, Naitiri." Nilipoyasoma, karibu nilie.

Jumamosi, 8 Machi
Simu! Namba ngeni. Nikajibu kwa sauti ya kazini. Kumbe ni Nakhumicha, mke wa Wabwile. Binti yao aliye Bungoma mjini alitafuta jina la baba yake mtandaoni, akanipata mimi. Akauliza Wabwile aliniandikia lini. Nikasema juzi.

Akasema walimzika Januari.

Nikakaa juu ya spika. Wabwile! Hakuna aliyeniambia. Nani angeniambia? Nikajisahihisha haraka, si juzi, ni kitambo kidogo. Akaomba nifike.

Jumapili, 9 Machi
Naitiri. Mpango: kusema ukweli wote, kuomba msamaha, kurudi kabla ya mvua. Akanionyesha kaburi, nyuma ya jikoni, udongo bado mwekundu. Nikasimama tu, kofia mkononi.

Ndani akanipa chai na viazi vitamu. Kabla sijaanza, akaanza yeye:

"Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia chakula ni kitamu. Anakula, anarudisha sahani, basi. Lakini wewe alikuandikia asali. Kumbe maneno alikuwa nayo?"

Hapo ndipo ningesema. Nikajaza kiazi mdomoni. Mimi, MC!

"Shemeji," nikasema, "wewe ndiye alikuwa anakusifu zaidi. Aliniambia hata akialikwa karamu, hali mpaka kushiba. Anabakisha nafasi, kwa sababu anajua wewe umepika."

Akanitazama sana.

"Uwongo," akasema. Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Hebu sema tena."

Nikasema tena. Nikaongeza na mengine. Nilisema mpaka chai ikapoa, na mvua ikanikuta pale pale.

Jumanne, 11 Machi
Usingizi hauji vizuri tangu Naitiri. Nimemwambia Jeruto ayaondoe maneno ya Wabwile. Akauliza kama mteja amelalamika. Nikasema amefariki. Akasema pole sana, akauliza kama sasa tuufute ukurasa wenyewe.

Nimewaza sana. Haifai kabisa kumwandikia mtu maneno bila kujua kama bado yuko. Hilo nimeliona, na limeniuma. Kwa hiyo hapo hapo saiba nimempigia Chelimo, niliyemwongozea sherehe ya ubatizo wa mtoto. Akashika mara moja, akafurahi, akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, nasalimia tu.

Yuko hai kabisa! Nikakata simu, nikamgeukia Jeruto, nikaanza kumsomea maneno ya Chelimo achape.