Viti vya Chekechea Sebuleni

Jumamosi, 9 Machi

Leo tumekwenda kuiona tena nyumba ya Mwalimu Mstaafu. Vyumba vinne, ua nyuma, ngazi ya kupanda chumba cha juu. Mke wangu alisimama kwenye kile chumba chenye dirisha la mashariki, mkono tumboni, akasema kitanda cha mtoto kitakaa hapa. Mtoto anatarajiwa Mei. Sisi tuna chumba kimoja cha kulala, na stoo ambayo hata ufagio unaingia kiubavu. Ndiyo nyumba yetu ya kwanza. Tuliinunua tukiwa wawili, tena wembamba.

Mwalimu atatungoja mpaka Jumamosi tarehe 30. Ikipita hapo, anampa mtu mwingine. Kwa hiyo lazima tuuze yetu kwanza. Akaanza kulalamikia magoti, ngazi, na kufagia vyumba vinne wakati yeye analala kimoja. Sikumsikiliza sana, nilikuwa napiga hesabu zangu. Mara akauliza tunakoishi ni pakoje. Kabla mke hajafungua mdomo nikadakia. Nikasema tumezoea nafasi, nyumba yetu ni kubwa, iko upande wa pili wa mji. Muuzaji akijua unatoka kwenye kijumba anakudharau. Hiyo ni akili ya biashara. Mke alinikanyaga mguu, sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Machi

Tangazo letu liko mtandaoni siku ya kumi na moja sasa. Limetazamwa mara tisa. Saba ni mimi.

Jirani tunayechangia naye ukuta, ninayemwita Bwana Ufagio kwa sababu kila asubuhi anafagia kibaraza chake na kipande cha changu, naye anauza. Nyumba zetu zilijengwa na fundi mmoja kwa ramani moja. Yake imetazamwa mara mia mbili na kumi. Picha nne tu! Maneno yenyewe: chumba kimoja, sebule, jiko, bafu, karibu uone. Hana ubunifu hata wa dawa.

Mke ameshauri tutoe maboksi sebuleni, tufungue mapazia, tumwite fundi wa lile bomba la jikoni linalodondosha maji, kisha tupige picha asubuhi. Nimemweleza kwa upole kwamba hayo ni mambo ya usafi, na hili ni soko. Nimemwomba aniachie tangazo, yeye apumzike. Ameguna, akaniachia.

Nimeandika upya. Chungu cha mshubiri mlangoni: bustani ya mimea ya tiba. Chumba, stoo na korido: vyumba vitatu. Dirisha la bafuni, ambalo ukipanda juu ya ndoo unaona paa la soko: mandhari ya mji. Mtaa sikuutaja, nimeandika eneo la watu wa heshima. Nimelisoma mara nne. Nimetamani kuinunua mwenyewe.

Jumatano, 13 Machi

Siri ya picha ni kupiga kutoka juu. Nimepanda kabati la nguo. Kabati lina miguu minne, mmoja ni magazeti yaliyokunjwa. Picha ya kwanza imetoka vizuri. Ya pili ni dari. Ya tatu ni pua yangu. Kiwiko kimevimba na mlango wa kabati umeng'oka. Bwana Ufagio aligonga ukutani kuuliza kama kuna usalama. Nikajibu tunapanga vyombo.

Mke amerudi kutoka kazini, ameutazama mlango, amenitazama mimi, ameenda kuoga.

Picha ya sebule imekataa katakata. Kochi letu la watu wawili linameza chumba kizima. Nimejaribu kupiga kupitia dirishani. Kochi tu.

Jumamosi, 16 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Tatizo si chumba kuwa kidogo. Tatizo ni vitu kuwa vikubwa.

Mke wangu anafundisha chekechea, ileile aliyofundisha Mwalimu Mstaafu miaka thelathini. Ndiko tulikosikia habari za nyumba yake. Stoo ya shule ina viti vya ziada. Mke akaenda kliniki, mimi nikaenda shule. Nikamwambia mlinzi nimetumwa nivipeleke kwa seremala. Akasema afadhali, vimekaa sana. Viti sita na meza moja, vyote havinifiki magotini. Kochi nikalisukuma chumbani, nikalisimamisha wima juu ya kitanda. Viti nikavipanga kuizunguka meza. Juu yake nikaweka gazeti, nililolikata robo ili ukubwa wake usije ukatoboa siri. Nikapiga picha kutoka mlangoni.

Jamani. Sebule imekuwa ukumbi. Unaweza kuimbisha kwaya mle ndani.

Viti nimevificha stooni. Mke hajaingia stoo tangu Januari, tumbo halimruhusu.

Jumatatu, 18 Machi

Mia tatu arobaini na mbili! Bwana Ufagio mia mbili na sitini. Nimepita mbele ya kibaraza chake polepole, nikipiga mluzi. Ameuliza kama napata wateja. Nimesema wananisumbua. Akanishauri nioshe vioo vya madirisha, vina vumbi. Wivu huo.

Alhamisi, 21 Machi

Wateja wa kwanza. Wanandoa wapya, mume pande la mtu, mke mwembamba mwenye macho ya kukagua. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa kusingizia jino. Mke wangu yuko shuleni. Viti nimevipanga vilevile kama kwenye picha, maana mteja asikute tofauti.

Walisimama mlangoni. Bibi akauliza sebule iko wapi. Nikasema ndiyo hii. Akatoa simu, akaitazama picha, akakitazama chumba, akavitazama viti. Akaniuliza kama tuna watoto wengi. Nikasema yuko mmoja njiani. Mumewe, mtu mwenye adabu zake, akaketi alipokaribishwa. Kiti hakikuvunjika, na kwa hilo nakipongeza. Ila alipoinuka, kikainuka naye. Tukakivuta, mimi huku, mkewe akimshika mabega kule. Kilipotoka mguu mmoja ulikuwa umelegea.

Bibi akauliza bustani. Nikamwonyesha chungu. Akauliza chumba cha tatu. Nikamwambia amesimama ndani yake.

Hawakugomba. Wangegomba ningewajibu. Walitoka, na Bwana Ufagio alikuwa kibarazani na ufagio wake, akawakaribisha maji ya kunywa. Wamekaa kwake dakika arobaini. Najua kwa sababu zote nilikuwa juu ya ndoo, sikio kwenye dirisha la bafuni.

Jumapili, 24 Machi

Bwana Ufagio ameuza. Amewauzia wateja wangu. Ramani ileile, ukuta uleule, choo cha rangi ileile. Alikuja mwenyewe kutuaga, akasema kwa moyo mweupe kwamba walifurahi kukuta kile walichokiona kwenye picha. Nikampa mkono. Sikuukaza.

Zimebaki siku sita. Mke alikuwa ameketi kitandani kando ya kabati lisilo na mlango, anakunja nguo za mtoto, kisha anazirudisha kwenye boksi kwa sababu hakuna pa kuziweka. Akakunja soksi mbili zisizozidi kidole gumba changu. Akaniuliza, bila kunitazama, kama kweli tutahama. Nilijisikia vibaya sana. Nikatoka nje, nikaongeza neno "kifahari" kwenye tangazo.

Jumanne, 26 Machi

Balaa. Mwalimu Mstaafu anatafuta mtandaoni pa kuhamia. Katika kutafuta akakutana na tangazo langu. Nyumba hakuijua, mtaa haujatajwa, namba ya simu ni yangu ambayo yeye hana. Lakini viti alivijua. Alivipaka rangi kwa mkono wake, kila kimoja na mnyama wake mgongoni: sungura, kobe, bata. Akadhani chekechea inauzwa. Akampigia Mkuu wa shule karibu alie, anauliza watoto watapelekwa wapi.

Mkuu akamtuliza kwamba shule haiuzwi. Kisha akaenda stoo kuangalia. Pengo. Akamwuliza mlinzi. Mlinzi akanitaja.

Mke wangu aliitwa ofisini mbele ya wenzake. Amerudi saa kumi. Hakupaza sauti, na ndipo nilipoogopa. Alisema miaka mitatu pale hajawahi kuulizwa hata kipande cha chaki. Akaniuliza kama nataka mtoto alale kwenye korido. Nilitaka kumkumbusha kwamba korido ndiyo chumba cha tatu. Nikameza maneno. Huo ulikuwa uamuzi wangu bora wa mwezi huu.

Amechukua tangazo. Amefuta kila kitu, hata mimea ya tiba.

Jumatano, 27 Machi

Nimevirudisha viti kwa miguu, viwili viwili, na meza kichwani. Nilifika wakati wa mapumziko. Watoto walijipanga kwenye uzio wakahesabu kwa sauti kila nilichoshusha. Wakafika tano, wakanitazama. Cha sita, chenye bata, ndicho kile kilicholegea mguu. Nimemwahidi Mkuu nitakitengeneza. Mlinzi hakuitikia salamu yangu.

Nyumbani nimekuta maboksi yamepelekwa kwa dada yake mke. Mapazia wazi. Fundi bomba ametumia dakika kumi, na zote kumi nilikuwa namweleza sababu za kutomwita miaka miwili. Kochi limerudi mahali pake. Mke amepiga picha tano za asubuhi, amesimama chini kama watu wote.

Maneno yake nayanakili hapa kama ushahidi: "Nyumba ndogo, chumba kimoja cha kulala. Hakuna ngazi. Stoo ni nyembamba. Hakuna bustani, kuna chungu kimoja. Mlango wa kabati uling'oka, tutaurudisha. Asubuhi jua linaingia jikoni. Tumeishi hapa miaka mitano kwa furaha, tunahama kwa sababu tunapata mtoto." Mtaa ameutaja. Namba ni yake.

Nimemwambia hilo si tangazo, ni ungamo. Ameniambia nirudishe mlango wa kabati.

Jumamosi, 30 Machi

Siku yenyewe. Asubuhi tangazo la mke limetazamwa mara thelathini na moja. Nilimtajia kwamba langu lilifika mia tatu arobaini na mbili. Aliendelea kupiga pasi. Hakuna aliyepiga simu. Mke alisema saa sita atampigia Mwalimu, amwambie ampe huyo mwingine. Sauti yake ilikatika kwenye neno "mwingine".

Saa nne, hodi. Nikafungua. Mwalimu Mstaafu, na mwavuli wake.

Nikaziba mlango kwa mwili mzima. Nyumba kubwa niliyomwambia iko upande wa pili wa mji! Nikamwamkia, kisha nikasema hapa ni kwa shangazi yangu, sisi tumepita tu kumjulia hali. Nyuma yangu sauti ya mke ikasema: karibu ndani, Mwalimu, hapa ndipo kwetu.

Akaingia. Akanipita kama mlango. Akatembea kutoka chumbani mpaka jikoni akihesabu hatua, zikawa tisa. Akafungua bomba, akalifunga, akalisikiliza. Akaketi kwenye kochi, akanyoosha miguu, akayasugua magoti. Akasema miezi minne anatafuta nyumba ya namna hii, ndogo, isiyo na ngazi, karibu na soko. Juzi akaisoma, akaona namba ni ya mwalimu mwenzake, akaja kwa miguu yake. Akanigeukia. Mwanangu, akasema, ungenijibu ukweli siku ile nilipokuuliza, leo tungekuwa tumeshahama wote.

Nilitafuta pa kutazama. Nikatazama chungu.

Akaongeza kwamba hata lile tangazo la viti lilimvutia macho papo hapo, na Mkuu alipomtuliza alivitazama tena viti vyake, akajua vipimo kamili vya sebule, ikampendeza. Lakini liliandikwa vyumba vitatu na bustani, naye anakimbia kufagia. Akapita.

Mke wangu alilia. Kisha akacheka akilia, akamshika Mwalimu mikono yote miwili. Tumekubaliana kubadilishana, na sisi tutaongeza akiba yetu juu. Nami machozi yalinilenga, sifichi. Nilimwona mwanangu kwenye lile dirisha la mashariki.

Ila naandika ili nisije nikadhulumiwa baadaye: viti vilimvutia macho. Papo hapo. Amesema mwenyewe, mbele ya shahidi.

Alhamisi, 4 Aprili

Tumehama. Kitanda cha mtoto kiko kwenye chumba cha mashariki na soksi ziko kwenye droo yake. Mke anaingia mle kila saa kuzitazama, anatoka anatabasamu. Ameanza hata kunisamehe. Leo ameniwekea chai bila kuombwa.

Tatizo moja. Kochi limekataa kupita kwenye mlango wa sebule mpya, liko kibarazani. Mke amesema liuzwe. Nikajitolea kushughulikia tangazo. Amenitamkia taratibu cha kuandika: kochi la watu wawili, kitambaa kimechanika upande wa kushoto. Nimekubali. Alikuwa amechoka, akaenda kulala kidogo.

Kile kiti cha bata bado sijakipeleka kwa seremala. Nimekiweka kando ya kochi, karibu kabisa, nikapiga picha. Mke ameamka na kuuliza bata yuko wapi. Nimesema yuko kwa fundi.

Watu kumi na wanane wameshalitazama. Mmoja ameandika kuuliza linakaliwa na wangapi. Nimemjibu watano, wakipendana.