Jinsi ya Kununua Kofia Paris Ukiwa na Mshauri Bariadi

Jumatano, 3 Septemba
Harieth kapita kibandani. Nesi wa kituo cha afya, na sababu ya mimi kunyoa ndevu kila siku. Anakwenda Paris kwenye semina. Anataka kumnunulia mama yake kofia ya jubilei ya ndoa, huko Rombo, tarehe kumi na tatu. Kaniuliza kama nina ushauri. Mimi! Miaka yote hii nauza mitumba soko la Bariadi. Ulaya sijafika, lakini nguo zao zimepita mikononi mwangu. Nikampa mbinu: usionyeshe umependa, taja nusu ya bei, ukikataliwa ondoka. Muuzaji atakuita tu.

Raymond, afisa mifugo aliyewahi kusoma huko, alikuwa anajaribu viatu kwa jirani yangu Mayige. Akadakia kwamba kule bei ni ile iliyoandikwa, anunue akiona. Nikamwambia ashughulike na chanjo za ng'ombe. Harieth akacheka. Nadhani alicheka upande wangu.

Jumamosi, 6 Septemba
Picha imeingia kwenye simu. Kofia ya bluu, ua pembeni. Nzuri mno. Kaandika kwamba ametaja nusu ya bei, dada wa dukani akatabasamu na kumwonyesha lebo. Nikamjibu atoke, atembee polepole. Akatoka. Akafika kwenye kona. Hakuitwa. Nikamwambia asirudi, akirudi kaharibu. Asubiri kesho jioni. Mnada ukielekea kufungwa wauzaji huchoka, hata mbuzi wa mnadani Shishiyu hushuka bei.

Jumapili, 7 Septemba
Picha nyingine. Duka limeshushwa mlango wa chuma. Jumapili hawafungui! Ndege yake ni usiku huu. Nimeandika pole, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nimemtumia kidole gumba. Sijui kwa nini kidole gumba.

Jumatano, 10 Septemba
Karudi. Kaleta vishikio vya funguo vyenye mnara, kimoja changu. Hakunigombeza, na hilo ndilo limeniumiza. Alisema tu kwamba mama yake alishawatangazia wanajumuiya kuwa kofia inatoka Paris. Laiti ningenyamaza siku ile. Nimechambua belo zima kutafuta kofia ya bluu. Nimepata ya kuogelea.

Jioni Mayige kaniambia Raymond kapanda basi la Mwanza na begi. Nikafurahi. Nilidhani kahamishwa.

Jumatatu, 15 Septemba
Hakuhamishwa. Alikwenda kutafuta kofia. Harieth kaweka picha za jubilei: mama kavaa kofia ya bluu, anacheka mpaka macho yamefumba. Pembeni yake Raymond anakata ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Mtu wa chanjo kakabidhiwa kisu cha ndafu! Nimeitazama picha hiyo mpaka simu ikazima. Kofia si ya Paris, lakini mama haonekani kujali. Sikufungua kibanda mchana.

Alhamisi, 18 Septemba
Harieth kaja peke yake. Kasema hana kinyongo na mimi. Kisha akaeleza kwamba Raymond ametuma mshenga Rombo, na jibu linatakiwa Jumapili baada ya misa ya kwanza. Akaniangalia. Akauliza kama nina neno lolote kabla hajajibu.

Ninalo. Ninalo tangu alipohamia Bariadi. Nampenda, naandika hapa bila aibu.

Lakini nilijikaza. Nikamwambia sina la haraka, nikaendelea kukunja mashati. Akasimama kidogo. Akaaga vizuri, akaondoka polepole kuelekea stendi. Mayige akaniuliza kama akili yangu iko sawa, akasema nimkimbilie, bado hajafika mbali. Nikamwambia atulie, mambo haya yanataka uzoefu.

Amekata kona ya duka la dawa bila kugeuka. Sina wasiwasi. Nitampigia Jumapili jioni, atakuwa amelegea.