Kisiwa cha Stany Kwenye Ziwa la Nzilo

Kisiwa hakikuwa na kitu. Kilikuwa na mawe, nyasi, na mbuzi mmoja ambaye hakuna aliyejua alifikaje pale. Watalii kumi na wawili kutoka mji wa migodi wa Kolwezi walikizunguka kwa dakika saba, wakarudi walipoanzia, wakamtazama Stany.

Stany alikuwa amewauzia picha. Ndani ya simu yake, kisiwa hicho cha ziwa la Nzilo kilikuwa na minazi, hoteli ya ghorofa na viboko wanaooga. Kila mtu alitoa dola ishirini. Baada ya kulipia lori na mtumbwi wa injini, kwenda na kurudi, Stany alibaki na dola mia mbili mfukoni, nazo ndizo alizotakiwa kumpelekea tata Benoît kabla ya Jumanne jioni ili kumalizia deni la pikipiki. Asipozipeleka, pikipiki inauzwa kwa mwingine, na dola mia tatu alizotanguliza, jasho tupu la ulimi wake, hazirudi.

"Tata Stany, hoteli iko wapi?" aliuliza mama Sikudhani, muuza vitenge wa sokoni na mkubwa wa likelemba yao, kile kikundi cha kuchangishana kila mwezi.

"Bado banajenga, mama."

"Na biboko?"

"Biko mu konje," alijibu Stany, akimaanisha likizo.

"Sisi njo tuko mu konje! Tulikuya kubiona! Rudisha falanga zetu!"

Stany alikuwa na mpango maalumu kwa saa kama hiyo, nao ulikuwa kukimbia. Alishafika kwenye mtumbwi alipoona kwamba hakuna anayemfukuza. Kalumba, mchimbaji wa miaka ishirini mashimoni, alikuwa amepiga magoti nyuma ya jiwe kubwa. Mama Sikudhani alimwendea, akainama, akanyamaza. Huyu ni mwanamke ambaye hajanyamaza hata msibani. Kisha Kalumba akavua koti, akalitandaza chini, akalikalia.

Stany akarudi. "Kuko nini pale?"

"Hakuna kitu," alisema mama Sikudhani kwa sauti ya asali. "Wende yako, tata. Tumekusamehe. Tunapumuzika tu."

Watu hawasamehe dola ishirini namna hiyo. Stany alimsukuma Kalumba, akavuta koti. Kwenye udongo kulikuwa na mawe matatu madogo, yamejaa matope, na chini ya matope yalikuwa ya kijani, rangi ya madini ya shaba.

Mtu wa Kolwezi anaweza kumkatalia mchungaji, mwanasiasa na mama mkwe. Ila jiwe la kijani likimtazama, akili yake inatoka kwenda kununua malori. Pikipiki ilikuwa imekwisha kumtoka Stany kichwani.

"Mi njo nilibaleta huku," alisema. "Shimo iko yangu."

"Yako?" Kalumba akacheka. "Mwenye shimo ni mwenye kulisha batu. Unajua kanuni."

Aliijua. Machimbo yote ya Lualaba yanaifuata: anayelisha wachimbaji mpaka wafike kwenye jiwe ndiye mwenye shimo. Humwita PDG, yaani bosi mkuu, na nusu ya magunia ya madini ni yake. Akiacha kulisha kabla ya hapo, hana kitu, hata akilia.

"Nitabalisha," alisema Stany. "Ila bote kumi na mbili banachimba?"

"Bote, PDG," alijibu Noëlla, mshona nguo, akiangalia kucha zake zilizopakwa rangi. "Mi niko wa kuchunga kipao."

Siku hiyohiyo, Jumamosi, mtumbwi ulileta kipao, yaani koleo, pamoja na unga wa kusongea bukari, kuku sita na mahema ya kukodi. Jumapili ulileta samaki, kuku wengine wanane, katoni tatu za bia, na sukre, soda za mama Sikudhani, ambaye dini yake na bia hazijuani. Jumatatu wachimbaji waliomba bafle.

"Bafle ya nini?"

"Eh, PDG, haujue shimo," Kalumba alimhurumia. "Bila muziki, mikono inalegea."

Bafle la kukodi likaletwa. Watu wawili walichimba nusu saa kila asubuhi, wenzao wakawapigia makofi, kisha wote wakaingia majini kuogelea mpaka jua lilipochoka. Shimo lilifika magotini. Kila mtumbwi ulipofunga, walipiga kelele "PDG! PDG!", na Stany, lazima tuseme ukweli, alikuwa akilipa huku anatabasamu.

Jumanne asubuhi mfuko ulikauka. Kalumba alimkabidhi yale mawe matatu. "Peleka kwa mununuzi. Akupe avansi, ulete chakula."

Mtumbwi ulimvusha, lakini hakuwa na nauli ya lori mpaka mjini. Alitembea. Saa tisa mchana, mjini, mnunuzi wa madini aliyaosha mawe, akaisukuma kando mashine yake ya kupimia.

"Tata, hizi hazina lazima ya mashine. Angalia."

Kila jiwe lilikuwa na kitundu kilichonyooka katikati, na kimoja bado kilikuwa na uzi.

"Ni shanga. Bamama banavaa ku shingo."

Kesho yake Stany alimkuta mama Sikudhani sokoni, kang'aa kwa mapumziko.

"Tata Stany! Konje ilikuwa muzuri sana. Rudisha shanga zetu! Mwaka kesho unatupeleka wapi?"

Hesabu ilikuwa hivi. Chakula, vinywaji, mahema, kipao, bafle na safari za mtumbwi: dola mia mbili. Fedha zilizopotelea kwa tata Benoît: dola mia tatu. Kutoka Nzilo mpaka Kolwezi kwa miguu: saa saba, soli moja ya kiatu, na malengelenge manne.