Mke Aliyekimbia Baridi Yangu

Nyansiongo, Alhamisi asubuhi.

Kwako Baba Mkwe, Mzee Obwocha wa Itumbe,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi mkweo, Daktari Zachariah Nyabuto, mtaalamu wa hali ya hewa, naomba unirudishie binti yako Bathsheba. Jumapili alifunga virago akidai nyumba yangu ina joto. Baba, unanijua: nimezunguka redioni na mikutanoni nikisema dunia haijaongeza joto hata chembe. Sasa watu watasemaje, mke wangu mwenyewe akikimbia joto ambalo silitambui? Malalamiko yangu ni haya.

1. Kipimajoto changu cha ukutani kilianza kupanda ovyo. Kwa utaalamu wangu, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kisima kitulie. Bathsheba akakitoa na kukirudisha ukutani. Huko si kuingilia utafiti?

2. Alipanda matikiti maji nyuma ya nyumba, hapa hapa Nyansiongo kwenye baridi ya kuvalia koti, na yakazaa. Hakuniomba ruhusa! Akawakatia wageni wangu wa chuo kikuu, wakala karibu wamalize na maganda. Mimi nilikula vipande vichache tu, kwa uchunguzi.

3. Sabato iliyopita alivua sweta mbele ya kanisa zima, wakati namweleza mzee wa kanisa Abner jinsi kulivyo na baridi. Mimi nikabaki na koti zito, skafu na kofia ya sufu. Wanasema nilizimia. Uongo mtupu! Nilisinzia tu, nikaiangukia kwaya.

4. Jumapili mchana niliamuru moto uwashwe sebuleni na madirisha yafungwe. Ndipo akaondoka. Tangu hapo najipikia ugali usioiva, na ng'ombe amekataa kukamuliwa na mtu mwingine. Nina upweke, Baba, nasema wazi.

Tafadhali zungumza naye arudi, tena arudi na sweta. Msalimie Mama, shemeji Phanice na wote hapo nyumbani, hata wale wanaonicheka.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Dkt. Zachariah Nyabuto

N.B. Akikataa kabisa, basi naomba jambo ambalo najua kwetu Gusii ni mwiko, mkwe kulala kwa wakwe zake. Nitengeeni kile chumba cha kando ya mto, chenye upepo. Nitakuja na shati moja tu, la mikono mifupi. Huku, Baba, hakukaliki.