Prosesa, Kadi ya Picha na Mama Mkwe

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Kompyuta na Simu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa. Kama umesimama, tafadhali tafuta kiti, maana ni ndefu.

Mimi ni karani wa malalamiko katika ofisi ya maji. Kwa miaka kumi na minne nimekaa nyuma ya kioo chenye tundu dogo, nikipokea barua za watu ambao mabomba yao yanatoa hewa. Kwa hiyo najua barua ya lalamiko inavyotakiwa kuwa: iwe na namba, iwe na adabu, na isimguse mama wa mtu. Mawili ya kwanza nitayatimiza. La tatu litanishinda, kwa kuwa barua yenyewe inamhusu mama wa mtu, yaani mama mkwe wangu, ambaye ninapoandika haya yuko chumba cha pili anakunja nguo zake.

Nyumbani tuna kompyuta moja ya michezo, kwenye meza iliyobanwa kati ya friji na dirisha. Mchezo wangu ni wa kujenga mji. Unachora barabara, unapanga nyumba, unaweka shule, watu wanahamia wenyewe. Mji wangu una wakazi elfu themanini, na maji hayajakatika hata siku moja. Mtu mwenye kazi kama yangu akifika nyumbani jioni anahitaji kuliona jambo hilo kwa macho yake.

Mama mkwe alikuja kwetu mwaka juzi kutibiwa goti. Alikuja kwa wiki tatu. Yeye ni mwalimu wa udereva mstaafu, na nusu ya madereva wa mji huu walijifunza kurudi nyuma kwa kuiogopa sauti yake. Goti lilipokataa kukanyaga klachi, daktari alimwambia aache kuendesha. Hakubisha. Aliitoa leseni kwenye pochi, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, kisha akakaa dirishani miezi mitatu akihesabu makosa ya madereva wanaopita. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, aliniambia nimtafutie mama yake kitu cha kufanya kabla hajaanza kuwafuata barabarani kwa magongo. Nikamwekea mchezo wa malori ya masafa marefu. Hilo, Ndugu Mhariri, ndilo kosa langu pekee katika suala hili, na nimelikiri mapema ili tusilirudie.

Siku ya kwanza aliniuliza mkanda uko wapi. Siku ya pili alisimama kwenye taa nyekundu katikati ya nyika, gari jingine hakuna, akasubiri mpaka ikawa kijani. Shemeji yangu akamletea usukani wa kufunga mezani. Tangu hapo amebeba mbao, saruji, vioo na ng'ombe kuvuka milima na mito, wala hajapata kuangusha mzigo.

Sasa kompyuta imechoka. Wakazi wangu walipozidi elfu sitini, mambo yalianza kwenda kwa kujikokota. Gari la taka likianza kukata kona unaweza kwenda kuoga na kurudi, bado linakata. Kwa upande wake mama, picha zimekuwa ukungu mtupu. Miti haina majani, ina mabonge. Vibao vya barabarani havisomeki mpaka lori liwe limeshavipita, na mama haendeshi gari mahali asipoweza kusoma kibao. Anaegesha pembeni, anawasha taa za tahadhari, anakaa.

Mke wangu akatoa uamuzi: mwaka huu kinanunuliwa kitu kimoja, si viwili, na sisi wawili tukubaliane ni kipi. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu, kadi ya picha ndiyo inayochora. Mimi nataka hesabu, mama anataka kuona. Na kwa kuwa huwezi kumwambia mama mkwe "hapana" uso kwa uso ukaendelea kula chakula chako kwa amani, niliandika kwenu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Niliuliza swali la maneno saba: prosesa au kadi ya picha, ninunue ipi? Mtaalamu wenu alijibu: "Inategemea." Neno hilo nalijua. Ndilo ninalowapa wateja wanapouliza maji yatarudi lini. Nalitoa kupitia kitundu cha kioo mara arobaini kwa siku, na najua ndani yake mna nini. Hamna kitu. Kupewa neno lako mwenyewe, limechapishwa, ni sawa na kuuziwa shati uliloanika.

2. Wiki iliyofuata mlimjibu mtu aliyejiita Dereva Mstaafu, aliyeuliza swali hilohilo. Mkamwambia inategemea. Sikujua kwamba mama naye anawaandikia. Nilijua asubuhi nilipokwenda kuchukua maziwa, nikakuta jibu lake limekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwenye mlango wa friji, pembeni ya langu, limenyooka zaidi. Mimi naisoma "inategemea" kuwa prosesa. Yeye anaisoma kuwa kadi. Sasa tunapishana jikoni kwa heshima kubwa. Hatusemeshani moja kwa moja. Ananiambia kupitia mke wangu kwamba baba asijisumbue, na mimi namjibu kupitia mke wangu kwamba mama asiwe na wasiwasi, na mke wangu, aliyetoka zamu ya saa kumi na mbili, anasimama katikati akiwa bado na viatu vya kazini.

3. Mtaalamu wenu alishauri tuwashe kipimo kinachoonyesha ni sehemu gani ya kompyuta imelemewa. Tukawasha. Nikicheza mimi, prosesa inafika mia kwa mia. Akicheza mama, picha zinafika mia kwa mia. Yaani kipimo chenyewe kina adabu kuliko nilivyotarajia, kinampa kila mtu anachotaka kusikia.

4. Niliuliza dukani. Muuzaji alinitazama kwa huruma, akasema bora nibadilishe vyote. Sina la kuongeza hapo.

5. Jumamosi iliyopita nilifanya jambo ambalo nilidhani ni la busara. Nilimwomba mama akae nami nimwonyeshe mji wangu ulivyokwama, ili aone kwa macho yake kwamba shida ni ya kweli. Alivuta kiti, akavaa miwani, akaangalia. Kisha akaweka kidole kwenye skrini, kwenye makutano yangu makubwa yanayoingia sokoni, ambayo niliyajenga kwa siku nne na ninayapenda. "Baba," akasema, "hapa unawaua watu." Akanieleza taratibu, kama alivyowaeleza maelfu: njia mbili zinaingia, moja inatoka, kwa hiyo kila dereva anangoja mwenzake, na mwisho wa foleni umeziba mlango wa zimamoto. Nikabomoa, nikajenga upya alivyosema. Foleni ikapungua nikiwa natazama. Tukaendelea na makutano mengine. Tulifanya kumi na moja. Katikati ya kazi alinyoosha mkono wa kushoto kutafuta gia ambayo haipo, akaurudisha mapajani, nami nikajifanya nasoma idadi ya wakazi.

Ndugu Mhariri, utaniuliza lalamiko liko wapi. Liko hapa: barabara zilipofunguka, watu wakazidi kuhamia. Kutoka elfu sitini tukafika elfu themanini siku hiyohiyo. Wakazi wanavyozidi ndivyo hesabu zinavyozidi. Maana yake mama mkwe ndiye aliyeimaliza prosesa, halafu yeye ndiye anayekataa isinunuliwe. Nilimweleza mke wangu hoja hii, naye akaniambia niirudie polepole huku nikijisikiliza. Niliirudia. Bado naiona ina mantiki.

Kwa bahati mbaya niliirudia kwa sauti, na kuta zetu ni nyembamba.

6. Jumapili mama alisema anakwenda kukaa kwa shemeji yangu. Hakukasirika, ingekuwa heri angekasirika. Aliniita sebuleni, akasema maneno haya ambayo sitayasahau: "Mimi ni mgeni tu, baba. Usivunje mji wako kwa ajili yangu." Kisha akaenda kutoa begi lake juu ya kabati. Kwa shemeji hakuna kompyuta. Kuna sofa na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, ambako hapiti dereva yeyote wa kuhesabiwa makosa.

Mke wangu aliporudi akalikuta begi liko mlangoni. Aliuliza swali moja, akiwa hajaweka hata funguo chini: "Umemfukuza mama yangu kwa sababu ya prosesa?" Nilianza kumwambia kwamba inategemea. Nawashukuru kwa hilo pia. Tangu hapo nalala kwenye kochi, na kochi letu lilinunuliwa kwa ajili ya watu wanaokaa.

7. Nafika kwenye wakazi. Gari la taka sasa halikati kona kabisa. Mabasi ya shule yalitoka asubuhi hayajafika. Mama akiondoka, hakuna mtu mwingine humu ndani anayejua kupanga makutano, na elfu themanini watajikuta wameziba njia ya zimamoto tena, wakiwa na maji ya kutosha ila hakuna wa kuyafikisha. Damu yao itakuwa juu ya nani? Mimi ni karani tu. Mwenye kauli ni gazeti.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo. Kwanza, mchapishe katika toleo lijalo, kwa herufi kubwa, neno moja tu: PROSESA. Msieleze. Mkieleza mtaharibu. Mimi nitalibandika kwenye friji nikisema na mimi nimeshangaa. Pili, mhariri mwenyewe afike nyumbani kumweleza mama, kwa sababu mimi siwezi, na akifika asiegeshe gari mbele ya geti, mama ataliona. Tatu, iwapo gazeti halitaweza hayo mawili, basi limchukue mama mkwe, limpe meza, kompyuta na kadi ya picha iliyo bora, na mimi niruhusiwe kuja kila jioni kukaa naye.

Nimelisoma tena ombi la tatu, nami naona linagongana na la kwanza. Ukweli ni kwamba sijui nilianza lini kuwahi kutoka kazini ili nikute bado yuko njiani na mzigo. Hukaa nyuma yake na chai yangu. Hatuzungumzi sana. Huniambia tu tumebakiza kilomita ngapi. Anasema "tumebakiza," si "nimebakiza." Naomba jambo hili lisichapishwe.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie mtaalamu wenu, nisalimie wapiga chapa, nisalimie anayekatia magazeti kamba asubuhi, na wasomaji wote ambao majumbani mwao kuna kompyuta moja na watu wawili.

Wako katika kusubiri jibu lisilotegemea,

Karani, Dirisha la Tatu

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua kwa mvuke wa birika, samahani kwa mikunjo. Mama aliinama nyuma ya kompyuta kuchomoa usukani wake aufunge kwenye blanketi. Alikaa huko chini muda mrefu, nikadhani ni goti. Kumbe alikuwa anaangalia. Akauliza kwa nini waya wa skrini umechomekwa juu, wakati chini yake kuna tundu la aina ileile, liko tupu, na lina kifuniko cha plastiki cha dukani hakijawahi kutolewa. Tundu la chini ni la kadi ya picha. Kompyuta ilikuja na kadi ya picha, nzuri tu, ambayo haijafanya kazi hata dakika moja tangu siku ile, miaka mitatu iliyopita, nilipofunga mashine mwenyewe bila kusoma karatasi. Kazi yake yote ilikuwa inabebwa na prosesa, maskini, juu ya hesabu zake.

Tumehamisha waya. Miti ina majani, na kwa mbali kabisa kuna ndege juu ya nyaya za umeme ambao hatukuwahi kujua wapo. Gari la taka limekata kona. Hatuhitaji prosesa, hatuhitaji kadi, na naomba mfute namba moja hadi saba. Barua naituma hivyohivyo kwa sababu stempu imeshabandikwa.

Mama amelirudisha begi juu ya kabati mwenyewe, sasa hivi anashuka mlima na tani ishirini za vigae, na ameniita nimsomee ramani. Mke wangu amesimama mlangoni anauliza ni nani aliyechomeka waya ule siku ya kwanza. Nimemjibu kwamba lalamiko lake limepokelewa na linafanyiwa kazi.