Anga Safi Pradalva

Jumatatu, 8 Februari

Theluji tangu alfajiri. Si ile ya kwenye kadi za Krismasi. Hii inakuja kutoka ubavuni, kwa hasira, inajipenyeza mpaka tundu la ufunguo. Nimepiga koleo mlangoni, nikaingia kunywa kahawa, nikatoka, mlango hauonekani. Kazi bure!

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ofisi ya lifti zinazopandisha watelezaji mlimani, kama kawaida, kurekodi taarifa ya hali ya theluji, ile ambayo watu huipigia simu kuisikiliza. Hapa Pradalva, habari za asubuhi, upepo mkali, lifti zote zimefungwa, hatari ya maporomoko ya theluji ni kubwa. Sauti ilikuwa nzuri leo. Nzito, ya kuaminika. Tangu magoti yakatae kufundisha kuteleza kwa ski, hii ndiyo kazi niliyobaki nayo, na sioni mwingine bonde zima anayeiweza.

Jioni kwa Clot Bezzola, kwa kuwa baa nyingine hakuna. Ameshabandika tangazo la karata: Jumamosi mchana, mzazi na mtoto wake, kama kila mwaka. Zawadi ni paja la nyama kavu. Clot hulitoa yeye, kisha hulishinda yeye na mwanawe Andri, na paja hurudi kwenye msumari wake uleule jikoni. Akaniuliza mbele ya watu, huku anafuta glasi iliyokwisha kuwa safi, kama mwaka huu pia nitashika chaki. Maana tangu mke wangu afariki na Ladina ahamie Basel, kazi yangu siku hiyo ni kuandika alama za wenzangu.

Nikasema Ladina anakuja.

Sijui maneno yalitoka wapi! Baa nzima iligeuka. Clot akauliza anakuja kweli au anakuja kama mwaka jana. Nikasema Ijumaa, kwa basi la jioni. Nikalipa, nikatoka kabla hawajauliza zaidi.

Sasa lazima aje.

Jumanne, 9 Februari

Nimempigia Ladina hospitali anakofanya kazi. Nilijiandaa kusema neno moja tu: njoo. Badala yake nikamweleza habari za boila. Kisha goti. Kisha paka wa jirani aliyezaa ndani ya kiatu changu cha ski. Akasikiliza yote. Mwishowe nikataja, kama mtu asiyejali, kwamba Jumamosi kuna ile karata.

Akasema tutaona, hali ikiwa nzuri atakuja, ila redio imetangaza dhoruba. Nikamwambia watu wa redio wamekaa mjini na soksi kavu, wanajua nini kuhusu Pradalva? Akacheka. Kengele ya mgonjwa ikalia, akakata.

Hali ikiwa nzuri. Nimeyatafuna maneno hayo siku nzima huku napiga koleo. Halafu nikasimama katikati ya uwanja, koleo hewani, theluji inaniingia shingoni. Nani anayetangaza hali ya Pradalva?

Mimi!

Jumatano, 10 Februari

Nimeanza kwa adabu. Dhoruba nimeiita upepo wa wastani. Maporomoko sikusema yapo wala hayapo. Nimeyaacha tu. Bi Ursina Pult, mkuu wa lifti, yuko kituo cha juu na vijana wake wanabandua barafu kwenye nyaya, kwa hiyo hakuna wa kunisikiliza.

Mchana nimetandika kitanda cha Ladina. Chumba kina baridi ya miaka miwili. Nimeweka chupa ya maji ya moto chini ya blanketi, kitanda kianze kuzoea. Nimenunua keki ya jozi. Muuzaji akauliza kama nina wageni. Nikasema ndiyo, na nikajikuta nimesimama dukani namweleza Ladina alivyoteleza mteremko mweusi, ule mkali kuliko yote, akiwa na miaka saba. Akaniambia kwa upole kwamba nyuma yangu kuna foleni.

Alhamisi, 11 Februari

Upepo umeng'oa kibao cha baa ya Clot na kukitupa mtoni. Nilimpa pole. Nilikwenda kucheka nyumbani.

Leo nimemaliza kazi. Hapa Pradalva, habari za asubuhi! Anga safi, jua, theluji laini kama unga, na mwishoni mwa juma lifti zote zinatarajiwa kufunguliwa. Tatizo likawa dirisha. Lilikuwa linagonga kama mtu anayedai kufunguliwa. Nikarekodi mara ya kwanza, kelele. Mara ya pili, kelele. Nikaichukua mashine nikaingia nayo kabatini, kati ya makoti ya wafanyakazi, nikafunga mlango. Safi kabisa! Nilipotoka nilikuwa na jasho na harufu ya soksi za watu, lakini sauti imetoka kama ya mtu aliyekaa juani.

Akili hii ningeitumia kwenye biashara, Clot angekuwa ananifutia viatu.

Ijumaa, 12 Februari

Basi la jioni limechelewa. Nilikwenda kituoni mapema, nikarudi nyumbani kugeuza keki upande wake mzuri, nikaenda tena. Nikasimama chini ya taa mpaka nyusi zikaganda.

Likaja hatimaye, limevutwa na gari la kusukuma theluji. Mlango ukafunguka. Akashuka mtu. Akashuka mwingine. Wakaendelea kushuka, na mbao zao za ski, na mabegi, na watoto wanaolia. Klabu nzima ya ski kutoka Basel! Nilitazama kila uso. Kila kofia iliyoinuka nilifikiri ni yeye. Wa mwisho alikuwa mwanamume mkubwa mwenye masharubu mekundu, akaliangalia anga, ambalo halikuonekana, akaniuliza liko wapi.

Dereva akasema walikwama kwenye kona ya handaki, na kwamba nyuma yao theluji imeshuka na kufunga barabara. Mwenye masharubu akasema alisikiliza ile simu mara tatu kwa masikio yake. "Lile zee lilisema anga safi! Nikilipata!"

Nikawaonyesha kwa kidole njia ya kwenda kwa Clot, nikaondoka bila kufungua mdomo.

Baadaye nimechungulia dirishani: wamejaa kwake mpaka kwenye korido. Katikati ya dhoruba! Miaka sijamwona Clot akikimbia, leo amekimbia. Nimemjazia nyumba mwenyewe, bure.

Nimempigia Ladina. Simu imeita, imeita. Labda yuko zamu. Nimeitoa ile chupa kitandani, maji yameshapoa.

Jumamosi, 13 Februari

Nisingekwenda Clot angejua. Kwa hiyo nikajifunga skafu mpaka puani, nikawa mtu aliyepoteza sauti. Mpango mzuri. Bubu hatambuliwi kwa sauti.

Clot akauliza Ladina yuko wapi. Nikaonyesha dirisha, nikaonyesha barabara, nikainua mikono. Baa nzima ikasikitika. Mpaka Clot! Akanipigapiga bega, akanipa chaki. Ningependelea anicheke.

Watu wa Basel hawakuwa na pa kwenda, wakajipanga ukutani kutazama. Masharubu Mekundu akakaa karibu yangu. Kwa kuwa siwezi kujibu, akaniona msikilizaji mzuri sana. Akanieleza kinaganaga atamfanya nini yule wa simu akimtia mkononi. Nilitikisa kichwa kukubali. Sehemu ya kamba na lifti ya viti sikuipenda.

Nikaandika alama. Mama Mengia Tönz alicheza na mwanawe, wale ambao mwaka mzima husalimiana kupitia postamasta. Jana walikuwa wameketi kila mtu na pombe yake. Leo wanasukumana viwiko na kucheka hata mama machozi yakamtoka. Nikatazama ubao wangu. Nikasahihisha tarakimu isiyokuwa na kosa.

Fainali: Clot na Andri dhidi ya hao wawili. Mimi nimesimama nyuma ya Clot. Kadi ya kengele, moja ya alama nne za karata zetu, ikatupwa mezani. Clot anatakiwa afuate kengele. Naiona mkononi mwake, kubwa, ya njano, imejificha nyuma ya kidole gumba. Akatupa kadi ya ua! Kwa uso mkavu kabisa!

Mtu ana mipaka yake.

"Kengele!" nikapaza. "Ana kengele mkononi, mwizi huyu!"

Ilitoka vizuri mno. Nzito, ya kuaminika, ikafika mpaka jikoni. Halafu Masharubu Mekundu akainuka polepole akaninyooshea kidole. "Ndiye! Jamani, ndiye wa simu!"

Sitaandika yote. Mtoto mmoja alinirushia soseji. Bi Ursina alikuwa pembeni anakunywa supu ya shayiri, akauliza simu gani. Masharubu akaenda kaunta, akapiga namba, akainua mkono wa simu watu wasikie. Nikajisikia nikisema jua, theluji laini kama unga, huku madirisha ya Clot yanatetemeka kwenye fremu zake. Yalikuwa matamshi mazuri, nitasema hivyo.

Bi Ursina hakupiga kelele. Ningependelea apige. Alisema, "Mzee Duri, ile theluji ilishuka kwenye handaki basi likiwa limeshapita kidogo tu. Lilikuwa na watoto." Kisha akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo wa ofisi. Hata Masharubu Mekundu akaacha kutukana, akatazama viatu vyake.

Nimerudi nyumbani kwa kufuata uzio kwa mikono, maana mbele hapaonekani. Nilikuwa nawaza wale watoto wanaolia walivyoshuka na vikofia vyao. Sikupenda kuwaza hivyo. Nikawaza paja la nyama. Mama Mengia amelishinda. Msumari wa Clot uko mtupu.

Jumapili, 14 Februari

Barabara bado imefungwa. Watu wa Basel wanaimba kwa Clot, nawasikia upepo ukigeuka. Nimekula keki, kipande, kisha kingine, nikaona hakuna sababu ya kuacha.

Simu ililia mara moja. Niliangusha kiti nikikimbia. Clot! Eti Bi Ursina amemwomba asome taarifa kuanzia kesho. Clot, mwenye sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta! Akaniuliza kwa heshima kama kuna siri yoyote ya kazi. Nikamwambia ipo: laini ni mbovu, apige kelele kadiri anavyoweza. Akashukuru sana.

Kisha nyumba ikanyamaza. Nimejaribu kusema taarifa ya leo peke yangu jikoni, kwa mazoezi. Hapa Pradalva, habari za asubuhi. Nikaishia hapo.

Jumatatu, 15 Februari

Simu alfajiri, bado niko kitandani. Ladina! Anahema. Akauliza niko hai. Akasema kuna mtu anapayuka kwenye simu ya theluji kama nyumba inaungua, na mimi niko wapi, nimepatwa na nini.

Nikamuuliza amejuaje.

Akasema hupiga ile namba kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kila asubuhi ya msimu, tangu ahamie Basel. Nikamwambia lakini yeye siku hizi hata ski hatelezi. Akasema, "Theluji naifanyia nini, Baba? Nakusikia umeamka, basi, naenda zangu kazini."

Nikakaa kitandani. Nimekuwa nikiongea naye kila siku, na nimemwambia habari za sentimita za theluji tu.

Akasema na ya Alhamisi aliisikia. Alijua ninadanganya, anga safi Februari hii hakuna hata Italia, na sauti ilitoka kama nimo kabatini. Nikauliza mbona basi hakuja, kama alijua namtaka. Akasema alikuwa akingoja nimwambie. Ijumaa alikuwa ameshapanga begi. "Ungesema tu njoo, Baba. Neno moja. Ningekuja hata kwa miguu."

Na neno lilikuwepo! Liko ulimini, tayari, zuri. Nikavuta pumzi nilitoe.

Akauliza, "Au unaumwa? Ndiyo maana umewekewa mtu mwingine?"

Nikakohoa.

Sikukusudia! Lakini akasema, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu akiwa mdogo, Baba, kifua? Nikakohoa tena, kutoka chini zaidi. Akasema nisiondoke kitandani, barabara inafunguliwa kesho, anachukua likizo ya wiki nzima, anakuja.

Wiki nzima! Na mimi nilikuwa nachezea anga safi!

Kazi ni nyingi. Koleo nimelificha bandani, mgonjwa hapigi koleo. Sinyoi ndevu. Nimemwomba Mama Mengia ile dawa yake ya kuchua inayonuka, niipake kwenye mito. Clot amepita, nikamwambia mambo si mazuri. Akashtuka, akaleta supu, na kipande cha ulimi wa ng'ombe ndani. Nzuri sana. Nimemwambia kesho alete nyingine.

Ladina amesema anakuja na kifaa chake cha kusikiliza kifua, kwa kuwa siku hizi yuko wodi ya mapafu. Si tatizo. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo tangu mchana: kikohozi kikavu, chenye makohozi, na kile cha kushtukiza katikati ya sentensi. Nikiona anaanza kuwa na mashaka, nitahamia kwenye figo.

Mimi ni mtu wa sauti. Kikohozi kitanishinda?